Mtu Hajipimi Mwenyewe

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Zimebaki siku kumi na moja itimie miaka thelathini na minne tangu niondoke. Nimeihesabu asubuhi nikisubiri chai ichemke. Si kwa huzuni, ni mazoea tu, kama mtu anavyogusa mfuko kuhakikisha funguo zipo.

Natumaini u mzima na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo. Baridi imelegea. Kule dobi wamenipunguzia siku, sasa nakwenda Jumatatu na Alhamisi tu. Chumba chetu cha marekebisho kimehamishiwa ghorofa ya chini, karibu na mashine kubwa za kufulia, kwa hiyo siku nzima tunaongea kwa ishara. Wiki iliyopita nilipunguza suruali arobaini na moja na kubadilisha zipu sita. Kukata sijakata. Huku watu hununua nguo zilizokwisha kushonwa, kisha hutuletea sisi tuzipunguze urefu. Jioni nasoma. Muuguzi mstaafu wa mlango wa pili amenirudishia kitabu changu cha historia, na pembeni mwa ukurasa wa mia mbili amesahihisha kwa penseli makosa ya daktari aliyekuwa akimtibu mfalme.

Shati limefika, asante sana. Ni la ishirini na tisa, nimeyahesabu kabatini. Limenikaa kana kwamba nilipimwa jana. Picha imo humu ndani ya bahasha.

Barua yako ya Januari ilikaa posta wiki tano. Nimeisoma na nimeielewa. Afisa wa leseni hakubali tena duka liwe na jina la baba, aliyefariki miaka kumi na miwili sasa, na jina langu mimi nisiyekuwepo. Kabla ya mwaka kwisha, ama nije nikae hapo niandikwe kuwa ndiye mwenye duka, ama nitie saini kuliachia. Nawe unasema nirudi. Umelisema mara nne katika kurasa mbili.

Nipe muda. Jambo hili si zipu.

Kaka yako


Tarehe 22 Aprili

Shikamoo Kaka,

Goti halina adabu, lakini nimelizoea, ni kama kuishi na mkwe. Hapa tu wazima. Cherehani moja imekufa, ya pili inaumwa, ya tatu ndiyo inayotulisha. Muuza mabati wa ng'ambo ya barabara amestaafu na kumwachia mwanawe, na huyo mwana anapanga mabati tangu saa kumi na mbili asubuhi, mtaa mzima tunaamka kwa radi.

Picha yako nimeitundika dukani, juu ya meza ya pasi. Wateja wanauliza huyu nani, nawaambia ndiye mkataji mwenyewe, yuko safarini. Mwalimu mkuu, yule mnene wa shule ya hapa mtaani, akasema, "Safari gani ya miaka thelathini?" Nikamwambia njia ina foleni.

Kukata nakata mwenyewe, kama nilivyokwambia tangu baba atutoke. Kushona ndiyo kazi yangu, unajua, na kukata ilikuwa yako na yake. Nachoka mapema siku hizi. Meza ya kukatia ipo palepale ulipoiacha. Chumba chako nacho kipo vilevile, hajalala mtu. Natoa vumbi kila Ijumaa.

Usinijibu kwa barua. Barua zako, Kaka, zimekaa sawasawa kama hilo shati. Njoo uone kwa macho. Huna haja ya mabegi. Njoo Ijumaa, uondoke Jumapili, ndege yenyewe ni saa nne tu. Ukitazama ukaona hapana, useme hapana hapa, mbele yangu, ukiwa umekaa kwenye kiti.

Ile miaka kumi na tisa ya mwanzo ulikuwa huwezi kuja, hakuna asiyejua. Lakini njia iko wazi mwaka wa kumi na tano huu. Sisemi zaidi.

Na huyo muuguzi wa mlango wa pili, anayetokea katika kila barua kama chumvi kwenye mchuzi, ana umri gani?

Mdogo wako


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na radi ya mabati. Hapa majira yamegeuka, madirisha yamefunguliwa, na mwenye nyumba amepaka ngazi rangi bila kututangazia, kwa hiyo wapangaji wote tuna viatu vya kijani.

Nimekata tiketi. Nitafika Ijumaa tarehe 18 Agosti saa tisa alasiri, na nitaondoka Jumapili jioni. Jumatatu nina kazi.

Usiandae kitu. Nakujua, kwa hiyo nasema tena: usiandae kitu.

Uliuliza umri wa muuguzi. Anasoma bila miwani.

Kaka yako


Tarehe 5 Julai

Shikamoo Kaka,

Wote wazima, goti halijambo, nakimbia kupeleka barua hii kabla posta haijafunga.

Mtu wa miaka sabini na moja, Jumatatu gani tena? Haya. Tutaibana hiyo Jumamosi mpaka itoe maji. Mwalimu mkuu anaoza binti, anataka suti, nimemwambia asije mpaka Jumamosi ya tarehe 19, na atakatiwa na mkono ambao hajawahi kuuona. Mkasi wa baba nimeupeleka kunolewa.

Sijaandaa kitu. Godoro jipya si kuandaa, lile la zamani lilikuwa limechoka kwa kutolaliwa.

Mdogo wako


Tarehe 28 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Nilifika salama, saa tano na robo, mvua ikinyesha. Goti langu sasa linafuata mfano wa lako, lakini ni kwa sababu ya kile kiti cha ndege. Jumatatu nilikwenda kazini, suruali kumi na tisa.

Nataka niiandike ziara ile kama ilivyokuwa, maana kumbukumbu ina tabia ya kupunguza huku na kuongeza kule.

Uwanja wa ndege walinipa karatasi ya kujaza. Kulikuwa na mstari wa anwani ya kudumu na mstari wa sababu ya safari. Nilisimama na kalamu mpaka afisa, kijana mwenye sare iliyombana kwapani, akaniuliza, "Mzee, unarudi au unatembea?" Nikamwambia bado sijaamua. Akasema, "Basi andika unatembea, wenzako nyuma wanasubiri." Nikaandika. Wewe ulikuwa nyuma ya kioo ukipunga mkono kama unayefukuza kuku.

Ulinikumbatia, kisha ukarudi nyuma hatua moja, ukanitazama kuanzia mabegani kushuka chini. Nilikuwa nimevaa shati lako. Ulisema, "Twende, teksi inahesabu."

Katika siku zile mbili hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Sikulazimika kurudia neno hata moja. Nilimwambia mtu wa betri, pale kwenye kona, "Nipe ile ya," naye akanipa kabla sijamaliza. Huku nikitaka betri natumia sentensi tatu na ishara moja. Miguu yangu ilikumbuka kizingiti cha duka, ikajiinua yenyewe, nami nikapita nikiwa naongea. Ukiniuliza kama nilijisikia nyumbani, jibu ni ndiyo, na sikujisikia hivyo kwa sababu ya huzuni au uzee. Ni nyumbani kwa kipimo chochote.

Sasa Jumamosi. Mwalimu mkuu aliingia saa nne, akanipa mkono, akasema, "Kumbe foleni imekwisha!" Ukampima, nikaandika, kama tulivyokuwa tukifanya baba akiwa amekaa pale mlangoni. Ukanipa mkasi mbele yake. Ulikuwa umeupaka mafuta. Nikaweka karatasi, nikachora kwa chaki, nikakata suruali kwanza, maana suruali ndiyo niliyoiogopa kidogo. Mkasi ulikwenda moja kwa moja. Nilijisifu moyoni.

Kisha ukaviinua vile vipande, ukavilaza kimoja juu ya kingine, ukavigeuza, ukavigeuza tena. Nikaona mdomo wako unajikaza.

Mwalimu mkuu akauliza, "Vipi?"

Ukasema, "Hakuna kitu, Mwalimu. Kaka amekukatia miguu miwili ya kushoto."

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya pili. Kitambaa hukunjwa uso kwa uso ndipo mguu wa kulia na wa kushoto itoke pamoja, nami nilizilaza tabaka zote mbili uso juu. Miaka thelathini na minne napunguza suruali za watu, zote zimekwisha kuwa na miguu yake miwili, sina haja ya kuwaza upi ni upi. Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Alisema, "Sawa, nitakwenda harusini nikizunguka duara." Wewe ulicheka pia. Mimi nilicheka wa mwisho.

Jumapili ulikwenda sokoni, nikakaa dukani peke yangu. Hakuna lililotokea. Alasiri ulinisindikiza uwanjani.

Kuhusu leseni, bado nafikiri. Asante kwa godoro.

Kaka yako


Tarehe 9 Oktoba

Shikamoo Kaka,

Barua yako ilifika tarehe 20 Septemba. Nimeikalia wiki tatu kwa makusudi, ili nikijibu nisitukane.

Sisi wazima. Harusi ya binti wa mwalimu mkuu imepita vizuri. Baba yake alivaa suti yenye miguu ya pande zote mbili, na ule mguu mmoja wa kushoto uliozidi ukakatwa kizibao. Hakuwa ameagiza kizibao. Sasa hakivui, anakivaa hata akiwapa watoto mtihani wa hesabu.

Hakukikata mtu mwingine ila Mashoto. Na wewe unajua Mashoto ni nani, kwa sababu Jumapili ile, nilipokuwa sokoni, aliingia dukani mkaongea. Jumatatu alinisimulia yote, yeye hajui kuficha, ana kasoro hiyo. Ukaniandikia, "Hakuna lililotokea." Umeiruka Jumapili nzima kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Basi na mimi niseme. Nilikudanganya. Sikati. Sijawahi kukata, nikishika mkasi kitambaa kinalia. Baba alipokufa nilifunga duka miezi minne, kisha nikamchukua Mashoto, alikuwa amefukuzwa kiwanda cha sare kwa sababu meza zao zote zilipangwa kwa watu wa mkono wa kulia naye akawa anawachelewesha. Miaka kumi na moja anakata hapa. Miaka tisa analala chumba chako, kwa sababu mumewe alifariki na mwenye nyumba akamtoa, nami sikuona mantiki ya kitanda kulala peke yake. Ulipokuja nilimpeleka kwa dada yake siku tatu, nikamwambia aondoe kila kitu. Akasahau miwani. Hakulalamika. Alisema tu, "Akirudi moja kwa moja, mimi nitakwenda wapi?" Nikamwambia tutaona. Ndilo jibu nililompa, na sijalala vizuri tangu nilipolitoa.

Lakini usijione mwema. Nilipokuona uwanjani lile shati lilikuning'inia kama pazia. Unafikiri sikujua? Mimi ni fundi, Kaka! Kwenye kila picha kola imekaa vizuri mbele, kifua kimetulia, lakini mikunjo inatoka kwapani kuelekea nyuma. Umelibana mgongoni kwa pini. Miaka mingapi unabana pini?

Utaniuliza kwa nini sikukuomba vipimo vipya. Hili sijamwambia mtu. Unalikumbuka daftari la vipimo la baba, kila mteja na ukurasa wake, akifa baba anapiga mstari mwekundu. Ukurasa wako ulikuwa wa kumi na nne, alikupima mwenyewe wiki uliyoondoka. Njia ilipofunguliwa alisubiri mwaka mzima. Alinunua hata kitambaa cha koti. Mwaka ulipokwisha, asubuhi moja alilifungua daftari, nikadhani anataka kupiga mstari. Hakupiga. Aliuchana ukurasa, akautia mfukoni, akaenda kunywa chai.

Na mwezi uliofuata akakata shati lako kama kawaida. Bila daftari, kwa kichwa chake, mara mbili, mpaka akafa. Kwa hiyo usiniulize alikuwa amekusamehe au la, mimi mwenyewe sijui.

Alipokufa, nilizipima zile karatasi za mwisho alizozikatia shati lako, nikaandika ukurasa upya kwa mkono wangu, ndipo Mashoto akapata pa kuanzia. Kama ningekuomba vipimo vipya, ungeuliza vya zamani vimekwenda wapi. Nami sikutaka uujue ule mchano. Nikaona bora uvae pazia.

Kuhusu mazishi sikuulizi. Miaka kumi na miwili sikuulizi, na leo pia sikuulizi.

Afisa wa leseni kapita jana. Mwisho ni tarehe 31 Desemba. Niambie ndiyo au hapana. Usiniandikie habari za mvua.

Mdogo wako


Tarehe 21 Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini goti, wewe, na aliye chumbani mu wazima. Habari za mvua nimeziacha.

Nikianza na pini: miaka ishirini. Mwanzoni pini mbili, sasa ni sita. Picha hupigwa na mtu anayesimama mbele yangu na kuniambia, "Usipumue." Nimeandika kila mwaka kwamba shati limenikaa sawasawa kwa sababu niliona ukijua kwamba mwili uliopimwa na baba haupo tena, utajua na mengine. Nilidhani nakulinda. Nadhani nilikuwa najilinda mimi.

Pili, kuhusu anayekata. Tangu shati la kwanza la miaka kumi na moja iliyopita nilijua si wewe. Mimi hufumua kidogo mshono wa ubavuni kila shati linapofika, nitazame ndani, kisha naushona tena, ni ugonjwa wa kazi. Zile alama ndogo za mkasi kwenye ukingo, za kulinganishia vipande, baba alizielekeza upande mmoja naye akatufundisha hivyohivyo. Mwaka ule zilielekea upande wa pili, zote, safi, bila kusita. Nikasema, huyu ni mtu wa mkono wa kushoto, na ni hodari kuliko mimi. Sikukuuliza. Ukiwa unabana pini sita mgongoni, huna uso wa kumwuliza mwenzio maswali.

Jumapili ile, basi. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya kukatia. Ubao wa upande wangu wa zamani, ule wa kulia, nilikuta umenyooka na una vumbi kwenye mistari ya mbao. Upande wa kushoto, pale nyonga ya mkataji inapoegemea, umelika na unang'aa. Nilikuwa naupapasa mlango ulipofunguliwa. Akaingia mwanamke mrefu, kikapu mkononi, akasimama kama amemkuta mwizi.

Akasema, "Shikamoo, mzee. Samahani. Nimesahau miwani yangu chumbani. Droo ya juu, chini ya soksi."

Nikamwambia, "Marahaba. Chumba gani?"

Akatazama dari. Kisha akacheka. "Mzee, mimi kudanganya sijui. Chumba chako. Chumba changu. Hicho hicho."

Nikaenda nikaitoa miwani, ilikuwa chini ya soksi kweli. Aliivaa, akanitazama, na jambo la kwanza alilofanya ni lile ulilolifanya wewe uwanjani: mabegani kushuka chini. Akasema, "Kumbe wewe ndiye Shati. Kumi na moja nimekukata. Na yote nimekosea!"

Nikamwambia, "Hukukosea. Umefuata ulichopewa."

"Ndiyo kukosea kwenyewe huko," akasema. "Mteja akija na karatasi mimi namwambia, simama, nikupime. Wewe nilikukata kwa karatasi kwa sababu Mama Fundi, mdogo wako, alininyamazisha kila nilipouliza." Kisha akaiona ile miguu miwili ya kushoto ikiwa imekunjwa juu ya kiti. Akaiinua. Hakucheka, na hilo lilinigusa kuliko kama angecheka. Akauliza, "Huyu mwenye nguo ana tumbo?" Nikasema analo. "Basi mmoja tutafanya kizibao. Kesho nitatafuta kitambaa cha mguu wa kulia, jora lile halijaisha dukani kwa muuza vitambaa." Akaweka chini. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, "Mzee, ukirudi, nitakuomba unipe mwezi mmoja wa kutafuta pa kwenda. Sitakusumbua zaidi ya hapo."

Nikamwambia aende salama. Ndilo jibu nililompa mimi. Jibu langu na lako ni ndugu.

Nilikuwa na saa nne mpaka ndege. Nilifungua daftari, ukurasa wa kumi na nne, nikaona mwandiko wako, na mzizi wa ukurasa uliochanwa ukiwa bado umeng'ang'ania uzi. Kwa hiyo hilo pia nililijua kabla hujaniambia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba aliendelea kukata. Hilo nimelisoma katika barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na ilibidi nikae, kwenye rangi ya kijani.

Sasa ambalo huulizi. Wiki ya mazishi muuguzi wa mlango wa pili alikuwa amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na madaktari walikuwa hawasemi kitu kinachoeleweka. Hana ndugu huku wala kwingine. Telegramu yako niliisoma kando ya kitanda chake. Tiketi niliikata, ninayo mpaka leo, haikutumika. Nilichagua, mdogo wangu. Nilijua ninachokiacha. Nikakuandikia kwamba kazini wamenikatalia ruhusa, na ulijua kwamba dobi hawajawahi kumkatalia mtu ruhusa ya mazishi. Hatujaoana, wala hatuishi chumba kimoja. Milango miwili, sufuria moja, mwaka wa kumi na saba. Ana miaka sitini na nane. Nilikuacha uamini kwamba sina mtu, kwa sababu kama sina mtu, basi kutorudi ni bahati mbaya, wala si uamuzi.

Ukiniuliza tena kama kule ni nyumbani, nitasema tena ndiyo. Nilijisikia nyumbani kuliko hapa ninapoandika. Lakini meza ina mtu, na kitanda kina mtu, na mtu huyo anajua mguu wa kulia na wa kushoto.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya leseni. Nimeitia saini mbele ya mwanasheria wa huku, mhuri upo. Nimeliachia jina. Mahali pa mwenye duka nimeacha nafasi mbili. La kwanza uandike lako, la pili la Mashoto. Mwambie hana haja ya mwezi mmoja. Usingoje Desemba.

Baba alikuwa na sheria moja: mtu hajipimi mwenyewe, atajipunguzia tumbo na kujiongezea kifua. Kwa hiyo sikujipima. Nimepimwa Jumapili iliyopita na muuguzi, ambaye hajawahi kushika futi ya fundi, ila anajua kusoma namba na hapokei rushwa. Ongeza ukurasa mwishoni mwa daftari, ule wa kumi na nne uuache.

Kifua, inchi thelathini na sita. Bega, kumi na saba na nusu. Shingo, kumi na nne na nusu. Mkono, ishirini na tatu, wa kushoto mfupi kidogo. Kiuno, thelathini na tatu. Urefu wa shati, ishirini na nane.

La mwakani akate Mashoto, ushone wewe.

Mimi sitarudi.

Kaka yako